Mikono Yote Miwili Juu ya Mtungi

Wavinya alikuwa na mabega ya mtu aliyebeba mitungi ya gesi kwa miaka mingi. Kule Kware, mtaa wa Nairobi ambako nyumba za kupanga zimepandiana kwenda juu na lifti ni kitu cha kusikia tu, yeye ndiye aliyewafikishia gesi watu wa orofa za juu. Duka lake lilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara. Ukimpigia simu kwamba moto umezimika na ugali bado mbichi, alifunga kibanda, akajitwika mtungi begani, akaushika kwa mikono yote miwili, akapanda. Wanaume waliouza gesi mtaani hawakupenda kupita orofa ya tatu. Wavinya alipita. Wateja walimwita Mama Gesi, na jina hilo alilipenda.

Siku ile alikuwa akimpelekea Shiro, msichana mwenye mtoto mchanga aliyekaa juu kabisa katika ploti moja, jengo la kupanga la rangi ya kijani. Ngazi za ploti ile ni nyembamba, na hata mchana kweupe utadhani jua limeshatua. Kwenye kona ya orofa ya nne alimkuta Gichuru, msimamizi wa ploti, amesimama katikati ya njia.

"Mama Gesi, leo unapita bila salamu?"

"Niaje, Gichuru. Nipishe, mtungi ni mzito."

Hakumpisha. Alinyoosha mkono polepole, kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akamshika titi, akalifinya. Huku akimfinya alimtazama machoni na kutabasamu, kwa sababu alikuwa amekwisha kufikiria jambo lote: mikono ya mwanamke huyu iko juu, na mtungi ukiachiliwa utabingirika hadi chini, ambako watoto wanacheza. Wavinya aliwasikia watoto wakicheka. Hakuuachilia mtungi. Alifungua mdomo apige kelele, sauti ikakataa kutoka. Gichuru alipotosheka alijibanza ukutani, akasema, "Haya pita, mama," kana kwamba amemfanyia hisani.

Alimfikishia Shiro gesi. Hata alimfungia mtungi na kuujaribu moto. Aliporudi kibandani ndipo hasira ilipokuja, hasira ambayo hakuwahi kuijua. Alimkasirikia Gichuru. Akajikasirikia na yeye mwenyewe: mwili wote huu, nguvu zote hizi, na sauti imemtoroka kama mtoto mwoga!

Nyumbani alimwambia mumewe, Kioko. Kioko aliruka kutoka kwenye kiti. "Nitamvunja huyo mtu!"

"Ukimvunja itakuwa vita vyenu, wanaume wawili. Mimi nitakuwa wapi?"

"Basi acha kupeleka gesi kwa hiyo ploti."

"Mimi ndiye niache kazi?"

Kioko alirudi kitini. Alikuwa mtu mwema, lakini usiku huo Wavinya alimpa mgongo. Kesho yake alikwenda kituoni kuripoti. Askari aliyekuwa mezani alimuuliza kama ana jeraha. Halafu akamuuliza alikuwa amevaa nini.

"Aproni," Wavinya alijibu. "Aproni na jasho. Andika hivyo."

Hakuandika.

Hapo ndipo aliposema atajifunza kupigana. Na hata uamuzi huo ulimkera. Alikuwa akiosha vyombo na kubishana na sufuria: mwenye mkono usio na adabu ni Gichuru, halafu wa kwenda shule ni mimi! Yeye amelala, mimi natafuta mwalimu!

Alianza na taekwondo, iliyofundishwa katika ukumbi wa kanisa moja huko mtaa wa Pipeline. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba mwenye nguo nyeupe zilizopigwa pasi. Alirusha teke likafika juu ya kichwa chake mwenyewe, na watoto wakapiga makofi. Wavinya aliona ni kitu kizuri. Lakini akauliza, "Hilo teke, nalirusha vipi nikiwa ngazini na mtungi wa gesi begani?"

"Kwanza ungeuweka chini, mama."

"Chini wapi? Ni ngazi!"

Kijana alicheka, akamwangalia kiuno. "Labda wewe ungejaribu zumba, ile mazoezi ya kucheza muziki. Akina mama wengi wanaipenda."

Wavinya alivaa viatu vyake bila kufunga kamba, akatoka kabla hajasema neno ambalo halifai kusemwa kanisani.

Huko Kariobangi alipata ndondi. Ukumbi ulinuka jasho, mifuko ya mchanga ilining'inia kwa minyororo, na wasichana walikuwamo pia. Kocha aliitwa Njogu, mzee ambaye pua yake ilikuwa imelala upande mmoja. Alimpa glavu, akamwonyesha mfuko. Wavinya aliufikiria uso wa Gichuru, akapiga. Mfuko ulikwenda ukarudi, na mzee akapiga mluzi. Alikwenda huko wiki kadhaa. Alipenda kupiga. Alirudi nyumbani mikono ikiuma na akalala vizuri. Lakini kila mara kocha alipomfokea, "Mikono juu, mama! Linda uso!" kitu kilimchoma, kwa sababu mikono juu ndipo ilipokuwa siku ile.

Mwishowe alimweleza Njogu kila kitu. Mzee akachukua gunia la mchanga, akamwekea begani, akamzunguka, akimtazama kama fundi anayetazama ukuta wenye ufa.

"Ngumi inataka mikono," alisema. "Na yako iko kazini. Nikikwambia ndondi zitakusaidia pale, nitakuwa nakudanganya. Nenda Eastleigh umwone Batulo. Anafundisha wanawake judo. Mwambie ni mimi nimekutuma."

Batulo alifundishia katika chumba cha juu, juu ya maduka ya vitambaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mtandio umefungwa kwa kukaza, koti zito la judo juu ya suruali ndefu. Hakuuliza Wavinya ana miaka mingapi wala alikuwa amevaa nini.

"Alikuwa amesimama juu yako ama chini yako?" aliuliza. "Alitumia mkono gani?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo. Wavinya alijibu, na katikati ya kujibu machozi yakamtoka, machozi ya hasira tupu.

"Lia, dada. Lakini rudisha mguu wa nyuma, umesimama vibaya."

Walianza na kuanguka. Wavinya alianguka na kuinuka mpaka akazoea. Kisha wakaja kwenye mtungi. Batulo alimpa mfuko wa mchanga mzito. "Usiutupe. Ushushe." Akamfundisha kuchuchumaa mgongo ukiwa wima, kuuteremsha mzigo kwa paja, kuuegemeza ukutani na kuuzuia kwa goti, kisha kugeuka. Baada ya hapo, mkono mmoja kwenye ukosi wa mtu, mwingine kwenye mkono wa nguo yake, nyonga zikifanya kazi ambayo mabega hayawezi. "Lakini ngazini usimwangushe. Saruji inaua, halafu utakayefungwa ni wewe. Mbane ukutani umshikilie hapo."

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote kilikuwa sauti. Batulo alimwambia apige kelele. Ilitoka ya kifaranga. Wanawake wengine mkekani hawakucheka. "Kelele tupu watu wataipuuza," Batulo alisema. "Taja jina lake. Taja alichofanya."

Jioni moja Wavinya alimuuliza, "Mwalimu, kwa nini sisi ndio tunaokuja hapa?"

Batulo aligusa koo lake. "Hilo limenikaa hapa tangu nianze kufundisha. Haya, chuchumaa tena."

Muda wote huo Wavinya hakuwa ameacha kupeleka gesi ploti ya kijani. Shiro alizoea kushuka na mtoto mgongoni hadi mlangoni, wakapanda pamoja. Gichuru aliwatazama na kutafuna majani yake ya muguka. Lakini alasiri moja mtoto wa Shiro alikuwa na homa, naye hakuweza kushuka. Wavinya alipanda peke yake.

Alikuwa pale pale, kwenye kona.

"Siku hizi unatembea na walinzi," Gichuru alisema, na mkono ukaja.

Wavinya alichuchumaa. Mkono ulipita juu yake ukashika hewa. Mtungi ulitua taratibu ukaegemea ukuta, akauzuia kwa goti, na alipoinuka alikuwa ameshika ukosi na mkono wa jaketi ya Gichuru. Alizungusha nyonga. Mtu yule alikwenda ukutani, uso wake ukagusa rangi iliyobambuka. Ndipo Wavinya akafungua mdomo, na sauti ikatoka tumboni, ikapanda orofa zote.

"GICHURU ANASHIKA WANAWAKE MATITI! GICHURU, MSIMAMIZI WA HII PLOTI!"

Milango ilifunguka. Watu wakainama kwenye vyuma vya ngazi.

"Huyu mama ana wazimu!" Gichuru alipayuka, shavu likiwa ukutani. "Ananidai deni la gesi tu! Niachilie!"

Shiro alishuka mbio, mtoto kifuani. Alikuwa amepauka. "Hata mimi," alisema. "Hata mimi alinishika. Nilikuwa na mimba." Mwanamke wa orofa ya tatu, mtu mzima ambaye hakuzoea kusema na watu, alisema, "Binti yangu pia," kisha akajifunika mdomo kwa leso. Wavinya alihisi mikono yake ikitaka kumsogeza Gichuru hatua moja tu kuelekea ngazi. Hatua moja tu. Alimshikilia palepale mpaka wanaume wawili wa orofa ya chini walipokuja kumchukua.

Mwenye ploti alipigiwa simu. Alikuja na gari lake, akawasikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema atalishughulikia. Wiki haikuisha, Gichuru akaondoka na godoro lake. Wanawake walimpikia Wavinya chapati. Kioko alimtazama mkewe kwa namna mpya, akaomba aonyeshwe ule mshiko.

Kisha Shiro akaja kibandani, sura imemwanguka. "Hakufukuzwa, Mama Gesi. Amepelekwa tu kwa ploti nyingine ya tajiri huyo huyo. Kule upande wa Mukuru kwa Reuben."

Wavinya aliweka chini spana aliyokuwa ameshika. Amehamishwa! Kama kiti kinachotolewa chumba hiki kupelekwa kile! Akapewa ngazi nyingine, funguo nyingine, wanawake wengine wasiomjua! Hasira aliyodhani ameiacha kwenye ukuta ule ilirudi nzima, na safari hii hakujikasirikia hata kidogo.

Hakuna mtu wa ploti ile mpya aliyekuwa ameagiza gesi. Wavinya alijitwika mtungi hata hivyo, akatembea hadi huko. Uani, wanawake walikuwa wakifua kando ya bomba. Gichuru alikuwa kwenye ngazi na ufagio. Alimwona, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

"Unauza?" mwanamke mmoja aliuliza, povu likiwa limemfika viwikoni.

"Nauza," Wavinya alisema, akitua mzigo. "Lakini kwanza nataka niwaambie huyu msimamizi wenu ni nani."

Wanawake walitazamana. Aliyekuwa karibu na bomba alinyoosha mkono, akafunga maji ili wasikie vizuri.