Sauti Iliyomfanya Nyanya Ainue Kichwa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyofungua mdomo kumwita nyanya yangu na sauti ikakataa kutoka. Nimezeeka, nimesahau mengi, hata majina ya watoto niliowafundisha hapa Meru miaka na miaka, lakini siku ile bado iko nami. Jana uliponipigia simu kutoka huko Nchiru ilinirudia yote. Ulisema, "Cucu, ni mimi," nami nikauliza ni nani. Mjukuu wangu mwenyewe, na nilidhani ni mwanamume amekosea namba. Ukacheka na hiyo sauti yako ya kukwaruza, ukasema ni mazoezi ya bendi tu, kwamba roki bila mayowe si roki. Nilipoweka simu chini sikuweza kula.

Sasa kaa nikuambie katika barua hii jambo ambalo hata mama yako halijui. Mimi pia niliimba roki.

Usicheke. Nilikuwa nimemaliza shule, na pale Embu mjini kulikuwa na mwalimu kijana, Njeru, aliyekuwa na gitaa la umeme na wenzake wawili wa kumsaidia. Mwimbaji hawakuwa naye, wakanichukua mimi. Njeru alikuwa na kaseti ya mwimbaji mmoja wa ng'ambo, mtu wa kutoa ukelele unaokufanya uzibe masikio. Aliicheza mpaka utepe ukaanza kujikokota. "Ukiweza kutoa hiyo, Igoki," akaniambia, "watu wa Meru watatubeba juu juu." Tulikuwa tumepewa nafasi ya kupiga katika ukumbi mmoja huku Meru mjini, mara yetu ya kwanza mbele ya watu tusiowajua.

Na wewe unanijua, mimi ni mwoga. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa watu wakininyamazia na kunitazama. Nilijua nikiimba polepole watausikia ule woga. Kwa hiyo nikaamua nitapiga mayowe kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, nisiwaachie nafasi ya kusikia kitu kingine. Wakati huo niliona huo ndio ushujaa.

Onyesho lilikuwa bado wiki kadhaa nyanya aliponiita kwao Mbeere, kule chini kwenye joto, nikamsaidie kufukuza ndege. Mawele yalikuwa yanaiva. Nilifurahi ajabu. Kwenye shamba la mawele kuna ulingo wa miti. Unapanda juu na kombeo lako, unashika kamba iliyofungwa makopo matupu, na unapiga kelele kutwa nzima bila jirani kulalamika. Nikasema Mungu amenipa mahali pa mazoezi.

Asubuhi ya kwanza nilipopiga ule ukelele wa kaseti ndege wote waliruka. Kufikia saa sita walikuwa wanakula mawele karibu na nguzo za ulingo, na mimi bado niko juu napiga mayowe. Nyanya alikuja akasimama chini, mkono kiunoni.

"Igoki, hao ndege unawazoesha."

"Nawafukuza, Cucu."

"Wameshakuzoea. Nyamaza kwanza. Wangoje washuke, watulie waanze kula, halafu uwapigie mara moja. Na hiyo sauti uitoe tumboni, si hapo shingoni."

Nilimwitikia kwa heshima, kisha akigeuka nikaendelea na yangu. Yeye atajua nini kuhusu roki, niliwaza. Nikapiga mayowe siku hiyo na siku zilizofuata, koo likianza kuwasha, halafu kuuma, halafu siku moja nikatema mate na kuona yana rangi ya waridi. Sikumwambia mtu. Asubuhi iliyofuata niliamka nikataka kusema "habari ya asubuhi," ikatoka pumzi tupu.

Mwanangu, niliogopa. Nililala kitandani nikijaribu herufi moja moja chini ya blanketi, a, e, i, na hakuna hata moja iliyokubali. Nilimwona akilini Njeru akiniangalia pale ukumbini na mdomo wangu uko wazi bila kitu. Nilijiona nikizeeka hivyo, bubu, nikionyesha vitu kwa kidole dukani. Nyanya alinitazama koo kwa mwanga wa mlango, akanipikia uji mwembamba, akasema nisijaribu hata kunong'ona. "Kama itarudi, itarudi. Wewe panda ulingo, vuta makopo yako." Hilo neno "kama" ndilo lililonikaa kifuani.

Basi alasiri moja nilikuwa juu, navuta makopo. Nyanya alikuwa ameinama katikati ya shamba, anakata masuke kwa kisu kidogo na kuyatia kikapuni, anajiimbia wimbo wa kanisani. Upande wa korongo kulikuwa na vichaka. Niliona kichaka kimoja kikitikisika na hakukuwa na upepo.

Nyati alitoka. Dume, peke yake, tope limemkauka mgongoni. Watu wa kwetu wanamwogopa nyati wa peke yake kuliko mnyama mwingine yeyote, na nilikuwa nimeshawahi kuona maziko ya mtu aliyekutana naye. Hakukimbia. Alitembea polepole kuingia kwenye mawele, kuelekea kule nyanya alikoinama, na mawele yalikuwa marefu kiasi kwamba nyanya asingemwona mpaka afike.

Nilifungua mdomo. Hewa tu. Nikajaribu ule ukelele wangu, ule niliokuwa nimeutoa kila siku, na koo likaniuma mpaka machozi yakatoka, na bado hewa tu. Nikavuta makopo kwa nguvu zangu zote. Nyanya aliinua mkono mmoja bila kugeuka, kama wa kusema ndiyo, nasikia, wafukuze. Kwake ilikuwa ndege. Nilishika kombeo, nikaogopa kwamba jiwe litamkasirisha yule mnyama. Nilijua kwa hakika kwamba nyanya yangu atakufa nikiwa namtazama, kwa sababu niliimaliza sauti yangu kwa ndege.

Nilipiga magoti, tumbo likajibana kwenye mti wa ulingo. Sijui kama niliamua au mwili uliamua. Niliacha kulazimisha koo. Nikavuta pumzi mpaka chini, nikaiacha itoke, na ikatoka na neno moja, zito, limepasuka katikati, wala si la sauti kubwa.

"Cucu."

Alisimama wima mara moja. Hakuangalia ndege, aliniangalia mimi usoni, kisha akaangalia kule nilikokuwa nikiangalia. Akaacha kikapu. Akarudi kinyumenyume, taratibu, mpaka akagusa nguzo, nikamshika mkono, nikamvuta juu. Nyati alifika kwenye kikapu, akakinusa, akakikanyaga, akasimama pale akipumua. Tulimsikia akipumua. Alikaa kiasi cha kutosha mimi kuomba sala zote ninazozijua, kisha akarudi alikotoka.

Nyanya alinishika kichwa akakiweka kifuani pake.

"Umepiga kelele hapa juu siku zote hizi," akasema, "na mimi sikuinua kichwa hata mara moja."

Nikamuuliza kwa macho, kwani sauti ilikuwa imekwisha tena.

"Leo nilisikia mtu anaogopa," akasema. "Hata sikushika vizuri ni neno gani umesema."

Nilinyamaza mpaka mavuno yakaisha. Sauti ilirudi kidogo kidogo, na siku ya onyesho ilikuwa nusu yake. Njeru alitaka kuahirisha, nikakataa. Nilipanda jukwaani. Nyuma ya ukumbi wanaume walikuwa wanazungumza mambo yao. Nikaimba ubeti wa kwanza karibu kama ninaongea, na woga wangu wote ukasikika. Sikuwa na sauti ya kuuficha. Watu wa mbele wakanyamaza, halafu wa kati. Nikangoja. Wale wa nyuma walipotulia, ndipo nikautoa ule ukelele, mara moja, kutoka tumboni. Njeru alikosea gitaa. Na kule nyuma kabisa niliona vichwa vikiinuka.

Sikuwa mwimbaji mkubwa, nisikudanganye. Niliimba miaka michache, nikaolewa huku Meru, nikawa mwalimu. Lakini nimesikiliza waimbaji wengi tangu wakati huo, wa roki na wa kanisani, na sasa najua ninachokitafuta kwao.

Mwimbaji mzuri wa roki ana ukelele, ndiyo, lakini anauweka akiba. Anawaacha watu watulie kwanza. Anautoa tumboni ili koo libaki la kesho. Anakunywa maji, anakataa miraa siku ya kuimba hata marafiki wakimcheka, maana miraa inakausha koo huku inakudanganya kwamba una nguvu. Koo likiuma ananyamaza siku hiyo hiyo, hangoji kuona damu kama mimi. Na anapoogopa, mwanangu, haufuniki woga kwa kelele. Anauacha upite ndani ya wimbo, kwa sababu kila mtu aliyeko ukumbini ana kitu anachokiogopa, na akikisikia kwa mwingine ataangalia juu.

Sasa fanya hivi. Wiki hii usiimbe, na wala usinipigie simu. Waambie hao vijana wa bendi yako kwamba bibi mmoja amekataza. Nimekutumia asali kwa mtu anayekuja huko. Kunywa na maji ya vuguvugu. Mungu akulinde koo, akupe pumzi ndefu na watu wa kukusikiliza, na asikuondolee woga wote, akuachie wa kuimbia. Jumapili utanipigia. Nitakuwa nimekaa hapa na simu mkononi, naogopa kama kawaida yangu. Usiseme ni nani. Sema tu "Cucu."