Familia kwa Mujibu wa Bima

Mimi nina hasira za karibu. Wanangu wanajua, mume wangu ndiyo usiseme. Lakini siku ile pale mjini Dodoma sikukasirika bure.

Mdogo wangu anafanya kazi Lusaka, na mkewe alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza. Mama alitakiwa kwenda kumwogesha mjukuu. Mume wangu, mimi na watoto wetu wawili tungemsindikiza, kisha tungekuwa tunakwenda huko kila likizo. Ndiyo maana tukaamua kukata bima ya safari ya familia, ya mwaka mzima. Mama ana presha. Akizidiwa ugenini, tutamkimbiza wapi mikono mitupu? Nikasema hatoki mtu hapa kwetu Nkuhungu kabla sijalimaliza hilo.

Nikaomba bei kwa kampuni tatu, nikazilinganisha kama ninavyochagua mchele sokoni Majengo: huu nafuu una mawe, huu safi haushikiki bei. Ile ya kwanza ilikuwa nafuu kweli. Nikasoma mpaka chini: familia ni mume, mke na watoto wao. Ala! Na bibi yao je, mpangaji? Ya pili ilikubali wazazi, ila wazazi wa kuzaa tu, na cheti cha kuzaliwa kithibitishe.

Sasa cheti changu kina jina la marehemu. Aliyenizaa alifariki kule Bahi nikiwa bado nanyonya. Mdogo wake, msichana asiye hata na mchumba, akanibeba mgongoni siku ya mazishi na hakunitua tena. Huyo ndiye Mama. Huyu mdogo wangu wa Lusaka, Mama alimzaa miaka mingi baadaye, na tumekula sahani moja. Kwetu hakuna anayenieleza habari za kuzaa na kulea. Jaribu uone ukoo mzima utakavyokushukia.

Kampuni ya tatu nilizungumza nayo kwa simu, na jamaa alikuwa mwepesi. "Wewe andika tu mama, dada yangu. Nani atachunguza?"

"Mtachunguza ninyi wenyewe, siku atakapolazwa," nikamjibu. Akacheka. Mimi sikucheka.

Mume wangu akashauri tuchukue ile nafuu, halafu Mama tumkatie ya kwake peke yake. "Ni karatasi tu, mke wangu." Hesabu yake ilikuwa sawa, sibishi. Ila mkono wangu mimi umwandike Mama nje ya familia? Thubutu!

Nikamchukua Mama tukaenda ofisi za ile kampuni ya pili, nikidhani wakimwona watatuelewa. Kijana wa mapokezi alimwamkia vizuri, shikamoo bibi, akamvutia kiti. Kisha akakitazama cheti changu na kuniuliza mbele yake, "Kwa hiyo huyu siyo mama yako hasa?"

Mama akainamisha kichwa, akawa anakunjakunja pindo la kitenge chake. "Nendeni tu, mwanangu," akasema taratibu. "Mimi nitabaki nilinde nyumba."

Mwanamke ambaye wiki nzima alikuwa hapitwi na jirani bila kumsimulia habari za mjukuu wake! Niliumia, jamani. Niliumia mpaka machozi yakanilenga, na nikakataa katakata kulia mbele ya kijana yule.

"Achana na ya familia," nikamwambia. "Tukatie watano, kila mtu ya kwake."

Akanikodolea macho. "Lakini dada, itakuwa ghali zaidi, na huduma ni zile zile."

"Najua kuhesabu. Kama yeye siyo familia, basi na sisi hatumo. Andika watu watano, hawajuani, wanakwenda Lusaka."

Nikampigia mume wangu kumweleza. Nikasikia akivuta pumzi. "Haya, kata," akasema.

Ndani ya bajaji Mama alinigombeza njia nzima. Eti nina kichwa kigumu, eti hela zote zile kwa ubishi tu, sijui nimemrithi nani. Dereva akawa anatuchungulia kwenye kioo. Tulipofika nyumbani Mama akashuka amenuna, akatangulia mpaka mlangoni, halafu akasimama.

"Huko Lusaka kuna baridi?" akauliza bila kunitazama. "Maana sweta la mtoto nimebakiza mkono mmoja."