Muscat: Tulipima .22, 9mm na .45 kwenye mlango wa chumba cha watoto

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Jana nimesoma ule uzi wa bastola ya caliber gani, yaani risasi ya ukubwa gani, inafaa kulinda nyumba. Kurasa nne watu wanatukanana. Wa .45 wanawaita wa 9mm watoto wa chekechea, wa 9mm wanasema wenzao wanaficha woga nyuma ya chuma kizito, na yule aliyetaja .22 alifukuzwa kama kuku jikoni.

Mwanzoni nilicheka. Baadaye kicheko kikakata, maana ubishi huo huo niliwahi kuusikiliza kwa masikio yangu mwenyewe, na mwisho wake niliuona.

Sitatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadili.

Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa Muscat, fundi seremala kwenye karakana moja pembeni ya Wattaya. Karakana nzima Wahindi na Wapakistani, Mswahili peke yangu. Nilikuwa napanga chumba Ruwi na Wakenya wawili waliokuwa wakipika ugali usiolika, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kwa wasiokujua kule: Waoman wenye asili ya Zanzibar ni wengi, na Kiswahili ndicho cha nyumbani kwao. Ukikiongea dukani anageuka bwana mwenye kanzu nyeupe na kofia ya Kioman, anakuuliza hali mpaka ya shangazi yako. Ndivyo nilivyompata Bwana Nassor. Mtu wa serikalini, mpole, mcha Mungu. Alikuwa na nyumba mpya nje kidogo ya mji, mkewe Bi Zuwena mwalimu, na watoto wawili, Said na Maimuna.

Aliniita nimbadilishie milango ya ndani. Ile ya mkandarasi ilikuwa ya bei poa: plywood mbele, plywood nyuma, katikati makaratasi. Unyevu wa AC ulikuwa umeivimbisha. Akataka mbao nzito ya msaji.

Nikamuuliza kwa utani kama anajenga benki.

Akaniambia, "Fundi, hapa kaingia mwizi."

Nikashangaa. Muscat ya wakati ule mtu anaacha gari linanguruma barabarani anaingia kununua mkate. Akanisimulia. Wiki tatu nyuma alirudi kutoka kazini mapema ana homa. Gari alikuwa ameliacha gereji, akaletwa na teksi. Saa nne asubuhi amelala, nyumba haina mtu, mke kazini, watoto shule. Akasikia mtu chumba cha watoto. Alipokwenda kuita jirani na kurudi, mwizi keshatoroka. Hakikuibwa kitu.

Hiyo ndiyo hadithi aliyoisema kwangu, kwa mkewe na kwa ukoo mzima.

Tangu hapo ikawa ni bastola tu. Alikuwa na 9mm aliyorithi kwa marehemu baba yake, na kibali chake anacho. Lakini haimtoshi. Kila nikipiga randa, yeye yuko kibarazani na shemeji yake Khalfan, kaka wa Bi Zuwena, mstaafu wa jeshi, wanabishana.

Khalfan alikuwa mtu wa .45. Hoja yake: risasi nene, nzito, ikimpata mtu anakaa chini hapo hapo. Nassor akimjibu kwamba 9mm inabeba risasi nyingi na mkono hauruki sana. Bi Zuwena akileta kahawa alikuwa anasema kama lazima, basi hiyo .22, "angalau hiyo ndogo haitotuvunjia nyumba." Wanaume wanacheka.

Mimi nami nilicheka. Nilikuwa naamini .22 ni ya kuwindia ndege.

Kulikuwa na jambo moja Khalfan alikuwa akilirudia sana, nami nililiona la kijeshi na la maana: ukimsikia mwizi usimwulize wewe nani. Ukimwuliza ushampa nafasi.

Basi, Alhamisi moja asubuhi, siku ya mapumziko kule zamani hizo, milango mipya yote nimeshaifunga. Ile ya zamani naipakia kwenye pickup nikaitupe. Nassor akanizuia. Akasema ule wa chumba cha watoto tusiutupe kwanza. Twende nao kwenye wadi, lile bonde la mto mkavu, tukajue ukweli: risasi ya bastola yake ingepita au isingepita?

Yaani jamaa alitaka kujua kama risasi ingemfikia yule mwizi wake.

Tukaenda watu watatu. Wadi kavu, mbali na watu, mlima nyuma. Nikaegemeza mlango kwenye jiwe kubwa, ule uso wa upande wa ukumbini ukitutazama sisi. Bastola sikugusa, wakuu. Mgeni wa kazi ukikutwa na chuma mkononi unarudishwa kwa ndege ya kwanza. Kazi yangu ilikuwa kushika thermos.

Kabla hawajaanza, Nassor akatoa risasi moja mfukoni. Akaitazama kidogo, kisha akampa Khalfan.

"Shemeji, mie nina jambo sijamwambia mtu. Siku ile sikukimbilia kwa jirani hivi hivi. Nilivuta. Nilisimama ukumbini, nikalenga pale inapotoka sauti, nikavuta. Ikalia tik. Haikutoka. Ndo nikakimbia."

Khalfan akaigeuza ile risasi kwenye mwanga. Kitako kilikuwa na mkwaruzo mdogo. Akaiweka sambamba na risasi nyingine ya 9mm. Ile ya Nassor ilikuwa fupi, si kwa kiasi cha kuonekana haraka, labda milimita mbili.

Akaanza kucheka mpaka akashika magoti.

"Shemeji! Hii siyo ya bastola yako! Hii ni tisa fupi! Imezama ndani ya chemba, pini imeikwaruza tu. Nani kakupa hizi?"

Alikuwa amezipata kwa ndugu mmoja. Boksi limeandikwa tisa, na yeye akaona tisa ni tisa.

Hapa nisimame niwaambie wale wa uzi wa jana: hilo nalo ni somo. Siyo kila 9mm inaingia kwenye kila 9mm. Kuna watu wamepoteza vidole.

Tulicheka wote watatu, wakuu. Khalfan anasema yule mwizi mama yake anamwombea sana. Nassor anacheka na kufuta machozi kwa ncha ya kofia. Wiki zote zile alikuwa amebeba aibu ya kuwa na bastola iliyomwangusha, sasa kajua siyo bastola wala mkono wake. Nilimwona kabisa mabega yakishuka.

Khalfan akampa risasi sahihi. Nassor akachora duara kwa chaki kwenye mlango, pale pale alipolenga siku ile. Ilikuwa usawa wa kifua chake, chini kidogo.

Akapiga 9mm. Khalfan akapiga .45, kisha akatoa .22 yake, kabastola ka kutia mfukoni, akapiga nayo. Zote ndani ya duara au pembeni yake kidogo.

Khalfan akasema, "Haya fundi, geuza tuone ipi imepita."

Nikaweka thermos chini, nikaenda.

Zote zilikuwa zimepita. Hata ile .22 ya ndege. Nikapiga kelele kuwajulisha, na mimi mwenyewe nimeshangaa, maana hela ningeweka kwamba .22 itabaki kwenye makaratasi ya katikati. Upande wa mbele ni vitundu visafi. Upande wa nyuma plywood imechanika, vijiti vimetoka nje.

Halafu nikaona upande ule watoto wameuchora. Mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, yenye maneno ya Kiarabu pembeni. Watoto walikuwa wanapimana urefu.

"Bwana Nassor, njoo uone, wanao wameandika kitabu huku!"

Akaja anatabasamu. Akachuchumaa, akaanza kusoma kutoka chini kwenda juu, anatutafsiria. Said, siku ya Idi. Maimuna, siku ya Idi. Said, shule imefunguliwa. Anafurahi kabisa. Akafika mstari wa juu kuliko yote.

Akausoma kimya. Akausoma tena.

Kisha kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Maimuna. Baada ya mtihani wa hisabati. Nimempita Said."

Sikuelewa. Khalfan naye hakuelewa. Nassor akasema, taratibu kama anayemfundisha mtoto, "Mtihani wa hisabati ndo siku ile. Nilimsikiliza hesabu asubuhi yake, na homa yangu."

Tundu la 9mm lilikuwa vidole viwili chini ya mstari ule. La .45 pembeni yake. La .22 chini kidogo, katikati kabisa.

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa. Nilishika ule mlango kwa mikono miwili.

Khalfan akajaribu. "Shemeji, huenda kapima jioni. Mtoto karudi shule, kapima. Usijitese kwa jambo hulijui."

Nassor akaingia kwenye pickup, akakaa upande wa dereva, na ile pickup ni yangu.

Njia nzima nilikuwa naomba jambo moja tu, kwamba yule binti aseme alipima jioni.

Tulimkuta ukumbini anapanga karatasi zake za kuchorea. Ana miaka kumi na moja, mwembamba, meno ya mbele makubwa. Nassor akakaa chini kwenye zulia karibu naye. Sijui alipata wapi ile sauti ya upole.

"Maimuna, mama, ule mlango wenu wa zamani. Ulimpita Said lini?"

Mtoto akafurahi kuulizwa! Akaeleza yote kwa mkupuo. Siku ya hisabati walimaliza mapema, mama wa rafiki yake Asma akamteremsha nyumbani. Kaingia kwa mlango wa jiko. Gari ya baba haikuwapo, kwa hiyo alijua hakuna mtu. Akataka kupima wakati Said hayupo, maana Said humsingizia kwamba anasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Alipomaliza akala tende, akaenda zake kwa Asma mpaka jioni. Aliporudi akaambiwa kaingia mwizi. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba yeye alishaondoka, wala hakusema alipitia nyumbani, asigombezwe.

Nassor akamuuliza alipimaje.

Akainuka mwenyewe, akaenda kwenye mlango wangu mpya wa msaji, akageuka, mgongo ukagusa mbao. Akaweka rula ya mbao kichwani. Halafu, ili ikae sawa, akagonga ncha yake mlangoni juu ya nywele zake.

Ko. Ko. Ko.

Nassor alifumba macho. Baadaye alinithibitishia, ndiyo sauti ile ile. Alikuwa amelenga sauti.

Khalfan, mwanajeshi mzima, alikaa chini ukumbini akaegemea ukuta na hakuinuka. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya pickup. Sioni aibu kusema.

Bi Zuwena aliambiwa jioni ile ile, nilikuwa bado nipo, kwa sababu Nassor alinisihi nisiondoke. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alimwita Maimuna, akamkalisha mapajani ukubwa ule wote, akaanza kumpapasa kichwa kwa vidole, nyuma, juu, ubavuni, kama anatafuta kitu.

Mtoto akalalamika, "Mama, unaniharibia nywele."

Ndipo Bi Zuwena akalia.

Bastola ilirudishwa polisi pamoja na kibali, Jumamosi asubuhi. Khalfan sikumsikia tena akitaja namba yoyote yenye nukta mbele. Mlango niliukata vipande karakanani kwa mashine, peke yangu, saa ya chakula wenzangu hawapo.

Maimuna hakuambiwa. Sijui kama aliambiwa ukubwani. Sikuwahi kuthubutu kuuliza.

Nilikaa Muscat miaka mingine mitatu na nyumba ile nilikuwa naingia kama ndugu. Bwana Nassor alipata tabia moja iliyowachekesha watoto mpaka machozi. Alikuwa anabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Hodi jikoni, hodi chumba cha nguo, hodi kwenye chumba ambacho kila mtu anajua hakina mtu. Said alikuwa anamwigiza mbele ya wageni.

Maimuna yeye akiwa ndani alikuwa anajibu kwa sauti ndefu ya mzaha, "Karibuuu, mzee!"

Na mimi niliyekuwa najua, nilikuwa namwangalia baba yake. Alikuwa haingii mara moja. Anabaki pale nje, mkono kwenye kitasa, mpaka pumzi imrudie.

Nilichojifunza, wakuu: tulibishana wiki nzima risasi ipi inamsimamisha mtu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mtu gani. Kilichomwokoa binti yule siyo akili yetu. Ni risasi ya kimakosa, fupi kwa milimita mbili. Na ile caliber ndogo ambayo mama mtu aliiona salama nayo ilipita. Kama una silaha nyumbani kihalali, uliza kwanza. Paza sauti. Afadhali mwizi apate nafasi ya kukimbia.

Haya, wa .45 na wa 9mm, uwanja wenu, hata matusi nitasoma. Ila kila atakayechangia aanze kwa kutuambia nyumbani kwake wanaishi wangapi, na kama dakika hii anajua kila mmoja yuko chumba gani.