Sahihi Aliyokataa Kutia Baba

Harufu ya grisi iliyopigwa na jua ikinifikia, hata nikiwa kwenye gereji ya watu nisiowajua, hasira hunipanda kabla sijakumbuka sababu yake. Niwaeleze nyinyi, maana nyumbani sijawahi kuieleza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na tulikuwa tukiishi Garissa. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeletwa kutoka Murang'a na mradi uliokuwa ukiunda mzinga mpya. Haukuwa mzinga wa kupigwa siku za sherehe. Ulikuwa wa kukokotwa nyuma ya lori, una magurudumu mawili na mtutu mrefu. Sifa yake, kama Baba alivyotuonyesha kwa kijiko na sahani mezani, ilikuwa kwamba ungeweza kupeleka kombora mbali moja kwa moja, au kulirusha juu likashukia nyuma ya kilima. Kwa nyuma ulikuwa na miguu miwili iliyofunguka kama mkasi, kila mguu na jembe lake la kuuma ardhi, ili mzinga usiruke unapofyatuliwa. Miguu hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Baba, na ndiyo iliyotumaliza.

Waliouchora walikuwa wamezoea udongo mgumu. Katika mchanga wa kwetu, jaribio la kwanza lilizika miguu yote miwili. Wakapanua majembe, miguu ikapinda. Wakaongeza unene wa chuma. Lori likashindwa kuuvuta, likabaki likizungusha matairi huku ngamia wakilitazama. Kila mara Baba alirudi na vumbi hadi kwenye kope, akala, kisha akasema, "Wiki ijayo tunamaliza." Wiki ijayo zilikuwa nyingi. Mama alianza kuuita mzinga huo mke mwenza. Akipika chapati alimwekea Baba mbili na kusema nyingine ampelekee bibi yake mdogo.

Mama Abdi, jirani yetu aliyetuuzia maziwa ya ngamia, alinikuta siku moja nimenuna mlangoni.

"Baba yako anabenda chuma sana," alisema kwa lafudhi yake ya Kisomali iliyogeuza kila p kuwa b, akinimiminia maziwa. "Lakini iko mtu ya kazi, wallahi. Bole, mamangu."

Pole yake haikunisaidia. Huko Murang'a, Cucu, nyanya yangu niliyepewa jina lake, alikuwa mgonjwa. Kila Jumapili tulimpigia simu, na kila Jumapili sauti yake ilikuwa imepungua kidogo.

"Wangari, mnakuja lini?" aliniuliza.

Nilimwangalia Baba. Yeye alitazama sakafu. "Mwambie tukimaliza."

Nikamwambia. Jumapili iliyofuata nikamwambia tena, na ile iliyofuata nikakataa kuishika simu.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo shule ilituachia mapema, nikapita karakana kumngoja Baba. Mzinga ulikuwa umesimama katikati, umepakwa rangi mpya, miguu imefunguliwa. Injinia mkuu, bwana mmoja mrefu aliyevaa shati safi mahali ambapo hakuna shati lililobaki safi, alikuwa ameshika fomu na kalamu. Jaribio la mwisho lilipangwa Jumatatu. Fundi akitia sahihi kwamba miguu ni mizima, kazi yake ilikuwa imekwisha na sisi tungesafiri kesho yake asubuhi. Mama alikuwa ameshafunga mabegi.

Baba alikuwa amepiga magoti, akiugonga mguu wa kushoto kwa nyundo ndogo, sikio karibu na chuma. Akagonga, akasogea, akagonga tena mahali palepale.

"Haulii vizuri," alisema.

"Mzee, umeugonga asubuhi nzima," injinia alisema, akimnyooshea kalamu. "Wewe ndiye unayetuchelewesha. Tia sahihi uende ukamwone mgonjwa wako."

Baba aliipokea kalamu kwa mkono mmoja, akaugonga mguu tena kwa mwingine. Mimi ndiye niliyejibu. Nilimshika mkono wa ovaroli na kumwambia mbele ya wote, "Baba, si uandike tu! Cucu anatungoja!"

Aliiweka nyundo chini. Kisha akanionyesha kwa kidole vijana wanne waliokuwa wakisugua mtutu, wakitaniana.

"Jumatatu hawa ndio watakaosimama hapa nyuma," alisema. "Mguu huu ukivunjika, mzinga wote utawarudia."

Akairudisha kalamu na kuwasha mashine ya kukata. Cheche ziliruka. Kipande kilipoanguka, ndani ya chuma palionekana ufa mwembamba, mweusi, umekwenda hadi karibu na bawaba. Injinia aliutazama, akakunja fomu yake, akatoka. Niseme ukweli: mimi ufa huo sikuujali. Nilichoona ni kwamba hatusafiri. Nilikwenda nyumbani peke yangu, nikatoa nguo zangu kwenye begi moja moja na kuzitupa chini.

Cucu alifariki Jumanne, Baba akiwa bado anachomelea mguu mpya. Tulifika kuzika tu. Sikuongea naye njia nzima, wala wiki kadhaa baadaye.

Mguu mpya ulishika. Mzinga ulifyatuliwa tena na tena, na hakuna aliyeumia. Miezi michache baadaye mradi ukafungwa, hatukuambiwa kwa nini, na mzinga ukafunikwa turubai nyuma ya karakana. Sasa hebu niambieni, mtoto angeyapangaje hayo kichwani? Hata leo nikiyafikiria nakosa raha.

Mwaka jana Mama alikuwa hospitalini. Nilikuwa kazini, nimebanwa na shughuli ambayo singeweza kuiacha, simu ikiita mfukoni. Mama alipona. Lakini siku hiyo ndipo nilipomkumbuka Baba akiwa amepiga magoti kwenye saruji, amerudisha kalamu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemkasirikia mtu aliyeninyima nyanya yangu. Haikunijia hata mara moja kwamba mgonjwa yule alikuwa mama yake.