Mstari Uliohamia Kushoto

Jina la Nyoosha tulimpachika wenyewe ofisini, kwa kumkebehi. Mama wa watoto wawili, miwani imefungwa kwa uzi, kutwa anatukalia kooni: mabano yafunguliwe hivi, nafasi ziwe nne, mistari ipangwe sawa. "Dada, tunaandika programu, hatupigi pasi," nilikuwa namwambia. Kompyuta ikisoma C, lugha tunayoandikia programu, haijali nafasi, mradi kazi iende. Wenzangu wanacheka. Mjinga mimi.

Jumanne asubuhi bosi alimruhusu apitishe chombo chake cha kunyoosha mistari kwenye programu nzima, ile ya mashine za kupitisha dawa kwenye mshipa wa mgonjwa. Punde akaniita. Wala hakunicheka.

"Kaka, hebu njoo. Huu mstari umehama."

Chombo hicho hupanga mistari kama kompyuta inavyoielewa, si kama jicho linavyotaka. Mwezi uliopita, mbiombio, niliongeza mstari wa kuzima kengele ya hatari ya mashine chini ya sharti la "muuguzi akibonyeza kitufe". Niliusogeza kulia ufanane na wenzake, lakini sikuuzungushia mabano, ambayo ndiyo huiambia kompyuta kwamba mstari umo ndani ya sharti. Kwa macho ulikuwa ndani. Sasa umerudi kushoto, peke yake. Maana yake kengele ilikuwa inazimwa kila mara, kitufe kibonyezwe kisibonyezwe.

Moyo ulinipasuka. Mama yangu alikuwa wodini, tangu jana kafungiwa mashine yenye programu hiyohiyo. Tena nilijisifu mbele ya manesi kwamba tumeitengeneza sisi.

Nikampigia mdogo wangu anayemuuguza.

"Kengele ya mashine inalia?"

"Wala. Kimya kabisa. Mama kalala."

"Na taa?"

"Nyekundu. Inawaka inazima tangu nimefika. Si ndivyo ilivyo?"

"Mwite nesi! Kimbia!"

Simu aliiacha kitandani. Nikasikia ndala zikikimbia, kisha nesi akipaza sauti kwamba mrija umeziba, dawa haiendi. Niliogopa jamani, niliogopa. Nikakaa sakafuni na simu sikioni. Baada ya muda mrefu mdogo wangu akarudi: "Amefumbua macho. Anauliza kelele za nini."

Nikaangua kilio kama mtoto. Nyoosha alinishika bega, mara moja tu, akanisogezea karatasi yenye namba za simu za wodi nyingine zenye mashine zetu: wodi sitini na moja. Mwenyewe alikuwa keshaanza kupiga ya kwanza. Iliita, ikaita, haikupokewa.