Mapafu Niliyompa Wachira

Mwanangu, jana timu yenu iliposhinda nilikusikia pale uani ukiwapima wenzako mmoja mmoja: huyu alicheza, yule alibebwa, na Kimani bora angebaki benchi. Kimani mwenyewe alikuwa amesimama pale. Nilinyamaza kwa sababu tulikuwa na wageni. Leo tuko wawili, kwa hiyo vuta kiti. Kila nikisikia harufu ya mbuzi juu ya makaa, nakumbuka Jumamosi moja ya Julai hapa Nyeri, na hata leo moyo wangu hauna raha nayo.

Nilikuwa nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya kampuni moja ya mjini. Kwenye karatasi niliandikwa karani, lakini kalamu sikuishika sana. Mpira ndio ulionilisha. Nchi ilikuwa bado changa miaka hiyo, na kijana wa huku mlimani aliyewafunga watu wa Nairobi alitembea barabarani kama chifu. Basi tukafika nusu fainali. Wapinzani, watu wa Nairobi, walikuwa na jamaa mmoja mrefu ambaye kila mchezo alizoea kutia pointi thelathini, na wala hatoki jasho.

Kabla ya kuingia uwanjani nilimwita Wachira kando. Wachira alikuwa rafiki yangu, kijana mkimya wa Kangema, mwenye miguu iliyokomaa kwa kupanda vilima na kikapu cha majani chai mgongoni. Nikamwambia, "Wewe leo wachana na mpira. Kaa na yule mrefu tu. Akienda choo, enda na yeye."

Akacheka, akasema, "Sawa, kapteni."

Na akafanya hivyo hivyo. Tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho alimganda yule mtu kama kupe. Uwanja wa saruji ulikuwa umelowa ukungu, akaanguka mara mbili, akachubuka goti, akainuka. Yule mrefu alitoka na pointi sita tu, amekasirika. Tukashinda kwa kapu moja. Mimi nilitia ishirini na mbili, na Wachira hakutia hata moja.

Meneja wetu akatuchinjia mbuzi nyuma ya ghala. Unajua kwetu nyama ya mbuzi ina wenyewe. Kila kipande kina mtu wake na heshima yake, na anayegawa hutazamwa mikono. Kwa desturi hugawa mtu mzima. Siku hiyo meneja alikuwa amechangamka, akanipa mimi kisu.

"Kapteni, gawa wewe," akasema. "Kila mtu apate vile alicheza."

Hapo ndipo nilipopaswa kukataa, mwanangu. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilikuwa nimesifiwa mchana kutwa.

Mbavu nikajiwekea mwenyewe, watu wakapiga makofi. Paja likaenda kwa aliyedaka mipira chini ya kapu, bega kwa mtoa pasi wetu. Kila kipande nilikisomea hotuba. Watu walicheka, na kadiri walivyocheka ndivyo nilivyojiona mtamu. Ilipofika zamu ya Wachira, nikainua kipande cha mapafu kwa ncha ya kisu.

"Wachira, pointi sufuri! Chukua mapafu, maana leo kazi yako ilikuwa kuhema tu."

Wakaangua kicheko. Wachira alitabasamu kidogo, akakipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri. Nyuma yake, juu ya kreti ya soda, aliketi baba yake, Mzee Muriuki, aliyekuja kwa basi kutoka Kangema kumwona mwanawe akicheza kwa mara ya kwanza. Nilijua yuko pale. Nilikuwa nimemsalimia kwa mkono wangu huu.

Mzee akasafisha koo. "Kijana, mimi hii mchezo siijui. Lakini niko na swali. Yule mrefu wa Nairobi, siku ingine alikuwa anatia ngapi?"

"Thelathini, mzee."

"Na leo?"

"Sita."

Akakitazama kile kipande mkononi mwa mwanawe. "Sasa hizo ingine zilienda wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, tena mimi peke yangu, kwa sababu ndiye niliyemtuma. Ningesema, "Alizizuia Wachira, na bila yeye tusingekuwa hapa tukila." Lakini mbavu zilikuwa mbele yangu na meneja alikuwa akinitazama. Nikaona haya. Nikasema, "Ah, mzee, ni utani tu ya wachezaji."

"Ati utani," akasema mzee, polepole. Akainuka, akapangusa suruali yake, akamwambia mwanawe watembee, basi la Kangema lisiwaache.

Jumatatu Wachira hakuja mazoezini. Alhamisi tukasikia ameacha kazi. Fainali tulifungwa vibaya, na kila mpinzani aliponipita nilijikuta nikimtafuta Wachira kwa macho. Lakini kombe si kitu. Hilo nilishalisahau.

Miaka ilipita, nikaoa, magoti yakaniacha. Nikasikia Wachira yuko Doldol, mbele ya Nanyuki, ananunua na kuuza mbuzi. Nikafunga safari, na njia nzima tangu Nanyuki nilikuwa nikiyapanga maneno yangu. Alinipokea kwa furaha ya kweli. Akachinja, akagawa yeye mwenyewe, na mbavu zote akaziweka mbele yangu.

"Kula, kapteni," akasema.

Kama alikumbuka yale mapafu sijui, nadhani alikumbuka. Nami, mwanangu, nilikula. Nikaisifu nyama. Nikauliza habari za mvua na bei za mbuzi, nikaaga, nikajiambia nitarudi kusema lile lililonileta. Mwaka ule haukuisha kabla sijarudi, na nilirudi kumzika. Nilitupa udongo kaburini neno langu likiwa bado mdomoni, na limo humu hadi leo. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekataa kukua aondoke nyumbani.

Kwa hiyo nisikilize. Kumpima mwenzako si dhambi, na aliyekosea aambiwe, ila aambiwe kando. Kabla ya kusema mtu hakufanya kitu, jiulize ulimtuma nini. Na ukimwaibisha mbele ya watu, umrudishie heshima yake mbele ya watu hao hao, mapema, kabla haya haijazoea kukaa nawe. Nakuuliza: jana Kimani alikuwa akimkaba nani? Umeinamisha kichwa. Basi unajua.

Mungu akupe macho ya Mzee Muriuki, aliyeziona pointi ambazo hazikutiwa. Akupe ulimi mwepesi wa kuomba msamaha, kwani wangu ulikuwa mwepesi wa kuchekesha tu. Uishi miaka mingi, na marafiki zako vivyo hivyo. Haya, inuka uende kwao Kimani sasa hivi, wenzenu wako huko, bado hawajatawanyika. Chai yako nitaifunika.