Mashine za Blanketi Zilipovuka Bahari

Meneja alitukusanya kwenye uwanja wa kupakilia mizigo, akapanda juu ya mbao ili tumwone vizuri. Nilikuwa nimefanya kazi katika kile kiwanda cha blanketi cha Nakuru tangu nikiwa msichana, nikikaa kwenye stuli kuunga nyuzi. Mume wangu, fundi wa mashine za kufuma, alinitangulia pale. Tulikuwa tumepanga nyumba mtaa wa Section 58, watoto wetu wakazaliwa na kukulia huko.

"Kampuni inahamisha kazi ng'ambo," meneja alisema. "Si kwa ubaya. Gharama ya wafanyakazi hapa imepanda sana. Huko, mshahara wa mmoja wenu unaajiri watu wawili."

Nilihisi uso ukiwaka. Tulikuwa tunakohoa vumbi la sufu mwaka mzima na kukopa unga dukani kila mwisho wa mwezi, leo tunaambiwa sisi ni ghali! Nikapaza sauti:

"Na mshahara wako, boss, unaajiri wangapi huko?"

Watu wakacheka kwa uchungu. Meneja alisema sheria itafuatwa, akashuka, akaingia kwenye gari lake akarudi Milimani, mtaa wa wakubwa.

Tuliachishwa kazi karibu sote. Walibakizwa mafundi wachache tu wa kufungua mashine na kuzipakia kwenye kontena, na mume wangu alikuwa mmoja wao.

"Kwani utaenda?" nilimuuliza akivaa ovaroli.

"Nitaenda."

"Wanatuzika na wewe unawashikia jembe?"

"Nisipoenda watazivunja na nyundo, mama watoto. Hizo mashine nimezitunza maisha yangu yote. Siwezi."

Sikutaka kumwelewa. Nilimwekea chakula mezani bila kumsemesha. Kila jioni alirudi ananuka grisi kama zamani, kana kwamba hakuna kilichotokea, na harufu hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi.

Kontena zilipoondoka, nilianza kuleta viazi kutoka mashamba ya Bahati na kuuza kando ya barabara. Haikupita muda mrefu nikaona blanketi zetu dukani mjini, nembo ileile, bei ileile. Nilizishikashika mpaka mwenye duka akaniuliza, "Mathe, unanunua ama?" Nikamwambia ningenunua kama zingeshuka bei, maana sisi tulifutwa kazi ili zitengenezwe kwa bei rahisi. Akanitazama kama mwendawazimu. Basi mnunuzi hakupunguziwa, na sisi tulipoteza kazi. Zile pesa walizookoa kwa jasho la watu wengine, nani alizila? Sihitaji kuambiwa.

Kisha mume wangu akapigiwa simu na kampuni. Mashine zilikuwa zinakwamakwama huko ng'ambo, wakamtaka aende kuzirekebisha na kuwafundisha watu. Nilimkataza, nikapiga kelele mpaka majirani wakasikia. Alienda. Ada ya shule ilikuwa inatusubiri, na hilo hata mimi nilijua.

Aliporudi, aliketi kabla hata ya kufungua begi.

"Huko wafanyakazi wanalala ndani ya kiwanda, kwenye bweni," alisema. "Kuna mama mmoja nilikuwa namfundisha kuunga nyuzi. Siku moja akaniuliza kupitia kwa mkalimani, ati sisi huku tulikosea nini mpaka tukaachwa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hatukukosea kitu. Naye akasema wao pia wameanza kuambiwa kuna nchi nyingine ya bei nafuu kuliko wao."

Nilikuwa nimemlaani kwa miezi mwanamke kama huyo, aliyechukua nafasi yangu, ingawa sikuijua hata sura yake. Kila nilipomwaga viazi kwenye gunia nilimwona amekaa kwenye stuli yangu, akicheka.

"Ana watoto?" niliuliza.

"Anao. Wako kwa nyanya yao, mbali. Huwaona mara moja kwa mwaka."

Nilisimama nikaenda jikoni kumwekea chai. Nilichota sukari kwa hasira, safari hii juu ya kampuni, hata ikamwagika, na mume wangu alipokuja kunisaidia kuizoa, sikumfukuza.